Bei ya Chini

Ghalani Shimanzi, mlango wa tatu,
ndimi niandikaye. Mwanasha Faki.
Kalamu ya buluu kwa kinachoingia,
nyekundu kwa kinachotoka.
Ya buluu nimenunua mara nne tangu Mfungo Mosi.
Nyekundu ni ile ile, imenikaukia sikioni.

Kisa chenyewe si kirefu.
Serikali ilitoa tamko: chai isiuzwe
chini ya bei hii, mkulima asinyonywe.
Neno zuri. Nililisikia redioni
nikikoroga uji, nikasema amina.

Mnunuzi wa Karachi akaitazama bei, akaenda zake kuswali.
Wa Kairo aliitaka sana, dola hakuwa nayo.
Wa Khartumu hakupokea simu.
Hatukupiga tena.
Na mnada wa siku hizi hauna kengele wala nyundo,
watu wanabofya, kila mtu chumbani mwake,
na wasipobofya, kimya chao
hunishukia mimi kwa malori.

Gunia juu ya gunia, hadi kwenye taa.
Ngumbao na wenzake walipanga, wakapanga,
njia ya kupita ikabaki upana wa mtu mmoja,
tena awe amefunga.

Chai haiozi kwa makelele. Haivundi kama papa
mtaa mzima ukajua. Chai inasahau tu.
Bi Zamzam mwonjaji huja na kijiko chake,
hufyonza kwa mlio, huzungusha mdomoni, hutema:
"Mwezi wa tatu hii ilikuwa na ulimi.
Sasa ni maji yaliyotiwa rangi."
Naandika hilo pia. Kwa penseli.

Na hapa ndipo panaponikera.
Ghala hulipwa kwa siku.
Kila usiku gunia linaolala
linalala kwa kodi, kama mgeni wa gesti.
Julai nilipewa ovataimu, nikanunua friji.
Imesimama jikoni inanguruma,
nami najua inanguruma kwa mgongo wa nani.

Akaja siku moja, kwa treni ya usiku,
mwanamume aliyevaa sweta.
Sweta, Mombasa, saa saba mchana!
"Naitwa Kibicho. Nataka kuiona chai yetu."
Hakutaja kiwanda, hakutaja nambari ya shehena.
Yetu.
Nikamtangulia ubavu ubavu kati ya magunia,
nikamwonyesha.
Akaweka kiganja juu ya moja
kama mtu anayempima mtoto homa,
akakiacha hapo muda mrefu.
Kisha, kwa Kiswahili chake cha milimani:
"Hii ya kulala hapa, ni nani analipa?"
Nilizitazama kalamu zangu.
"Nyinyi," nikasema. "Inakatwa kwenye bonasi."

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo tulivyofunzwa.
Basi hii ina daftari, kurasa mia mbili, mwandiko mzuri.
Habari inayo, kila Jumanne, hadi redioni.
Na bado inapotea, mbele ya macho yangu,
kilo kwa kilo, nikiipigia mstari.

Baadaye tamko lingine lilitoka, la kuliondoa la kwanza.
Ngumbao alikesha majuma mawili akipakia,
kalamu nyekundu ikapata mate.
Yaliuzwa yote, kwa bei ya kutupa,
na wiki ile ile redio ikashangilia
kwamba shilingi imepata nguvu.
Nikahesabu kwa vidole dola ya Kibicho
ikirudi nyumbani imekonda.

Lakini siku ile ya sweta hatukuyajua hayo.
Tulitoka nje, tukakaa kwa Kadzo, langoni.
Kikombe kilikuwa shilingi ishirini,
sasa ishirini na tano. Sukari, alisema Kadzo.
Kibicho akapuliza, akaonja, akakunja uso.
"Hii ni chai gani?"
"Vumbi," nikamjibu. "Nzuri inasafiri."
Akacheka kidogo, akanywa hadi chini,
akatoa noti ya hamsini, akalipa
ya kwake na yangu.

Nami nikamwacha alipe.